Bega la Abasi Fundi Dari

Abasi alikuwa fundi wa dari. Aliishi Gongoni, mjini Tabora, na mkewe Mwanahawa. Binti yao, Najiat, alikuwa ameolewa Nzega, kwa hiyo nyumbani walibaki wawili tu. Watu walimwita Fundi Dari, na wengine hata hawakujua kwamba ana jina jingine.

Kila asubuhi alikunywa chai ya tangawizi kwa mihogo ya kuchemsha. Kisha alichukua nyundo na msumeno, akaenda kazini. Leo alikuwa Kanyenye, kesho Ipuli. Akifika alipanda jukwaa na kuinua mikono juu ya kichwa, na mikono ilibaki huko juu mpaka adhuhuri. Mkono wa kushoto ulishika ubao, wa kulia ulipiga misumari. Akishakula, alipanda tena. Aliifanya kazi hiyo kwa miaka ishirini na sita.

Alijivuna kidogo, na alikuwa na haki ya kujivuna. Dari zake zilinyooka, na maungio ya mbao zake ilibidi uyatafute kwa macho makali. Mkono ule wa kulia ndio uliojenga nyumba yao. Ndio uliomsomesha Najiat. Hawakuwa na shamba wala duka. Walikuwa na mkono huo tu.

Mwaka aliotimiza miaka hamsini na miwili, bega la kulia lilianza kuuma. Mwanzoni liliuma akishuka jukwaani. Baadaye liliuma akiinua nyundo. Kisha likawa linauma hata amelala. Akilalia upande wa kulia, alishtuka usingizini akiuma meno. Maumivu yalikaa kwa nje, chini kidogo ya bega.

"Baba Najiat, nenda hospitali," Mwanahawa alimwambia.

"Niende hospitali kwa uchovu? Nikipumzika Ijumaa litaacha."

"Ijumaa ngapi zimepita sasa?"

Abasi alikwenda duka la dawa, akanunua vidonge vya maumivu. Alipovimeza, maumivu yalipungua, naye akapanda jukwaani. Dawa ilipoisha nguvu, maumivu yalirudi, naye akameza tena. Mwili ulikuwa unamwambia aache, yeye akaunyamazisha. Hilo lilikuwa kosa lake la kwanza, na wengi wetu tunalifanya mpaka leo.

Kosa la pili alilifanya mbele ya watu, katika hitma ya shangazi yake huko Ipuli.

Abasi alikuwa na rafiki, Lukumani, fundi baiskeli. Abasi ni Mnyamwezi, Lukumani ni Mzaramo. Makabila hayo mawili ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kukuvua kofia mbele ya wakwe zako, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, mwenye makosa ni wewe. Msibani watani huchekesha watu ili waliofiwa wapumue kidogo. Ni mila nzuri, wala sina ugomvi nayo. Lakini bega halina mtani.

Siku ile guta lilileta magunia ya mchele. Wanaume wakaanza kuyashusha. Abasi alisimama kando, mkono wake wa kushoto umeshika bega la kulia. Lukumani akamwona.

"Jamani, njooni muone maajabu!" alipiga kelele. "Mnyamwezi anaogopa gunia!"

"Bega linauma, Mzaramo. Niache."

"Eti bega! Babu zake walibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka Bagamoyo. Kwa miguu! Tena begani! Sisi watu wa pwani tulikaa kivulini tukiwangoja. Leo mjukuu wao anashindwa kufikisha gunia jikoni. Mnyamwezi gani huyu? Mfungeni kanga, akamenye vitunguu!"

Watu walicheka. Wanawake waliokuwa wakichagua mchele walicheka mpaka wakashikana mikono. Abasi naye alicheka, lakini moyoni alichomwa. Angeweza kusema, "Leo siwezi." Maneno mawili tu. Hakuyasema. Alijikaza kisabuni, akainama, akakamata gunia la kilo hamsini, akalirusha kwenye bega la kulia.

Ndani ya bega kitu kilikatika. Alikisikia. Mkono ukalegea, gunia likaanguka, mchele ukamwagika mchangani.

"Mmemwona!" Lukumani alisema. "Anamwaga mchele wa shangazi yake!"

Watu wakacheka tena. Ni Mwanahawa peke yake aliyeutazama uso wa mumewe. Ulikuwa umelowa jasho, na mkono wa kulia ulining'inia. Abasi alijaribu kuuinua. Haukuinuka hata kufika kifuani.

Siku hiyo hiyo walimpeleka kwa Mzee Adinani, mchua viungo wa Kanyenye. Adinani ni mtu mwema. Amewachua wengi waliochoka misuli, na wamepata nafuu. Lakini hana macho ya kuona ndani ya bega, na hakukubali kwamba hana.

"Limeteguka," alisema. "Litarudi tu."

Alimlaza Abasi juu ya mkeka. Akaweka kisigino chake kwapani mwa Abasi, akashika mkono kwa mikono miwili, akavuta. Abasi alipiga yowe mpaka majirani wakatoka nje. Mzee Adinani akavuta mara ya pili. Kisha akaufunga mkono kifuani kwa kanga.

"Usiufungue mpaka nikuambie. Usiutikise hata kidogo."

Abasi alitii. Mkono ulifungwa wiki tisa. Mwanahawa alimwogesha, akamvalisha, akamkatia nyama katika sahani. Kanga ilipofunguliwa, bega lilikuwa limekauka. Mzee Adinani akasema linahitaji mafuta na kuchuliwa zaidi. Wakaendelea naye miezi mingine mitano. Kila wiki walitiwa matumaini, na kila wiki mkono ulikuwa vile vile.

Lukumani alikuja karibu kila siku. Alileta maziwa, alileta ndizi, na hakufanya mzaha tena. Siku moja alimkuta Mwanahawa anafua uani.

"Hodi, shemeji. Mmeamkaje?"

Mwanahawa aliendelea kufua.

"Shemeji, mbona hunijibu?"

"Nikujibu nini? Si ulikuwa unacheka? Endelea kucheka."

"Ulikuwa utani tu, shemeji."

"Najua. Ndiyo maana hatuna hata pa kukushtaki."

Lukumani aliweka maziwa kizingitini, akaondoka.

Kazi nayo haikungoja. Abasi alikuwa ameanza dari ya nyumba moja Ipuli. Mwenye nyumba alivumilia mwezi mmoja, kisha akamchukua fundi mwingine. Fundi huyo aliitwa Adriano, mtu wa miaka arobaini hivi, aliyehamia mjini kutoka Igunga. Alikuwa akipita mbele ya nyumba ya Abasi, mbao zimefungwa kwenye baiskeli. Abasi alikaa barazani akimtazama. Kumtazama mtu akienda kufanya kazi yako kunauma kuliko bega.

Ijumaa moja Mwanahawa alikuwa barazani akimvalisha mumewe kanzu. Alipitisha kwanza mkono mbovu, taratibu, kisha kichwa, kisha mkono mzima. Abasi aliona aibu, akageuzia uso ukutani. Wakati huo alipita jirani yao, Marcelina.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," Mwanahawa akajibu.

Marcelina alikuwa amepanga nyumba ya nne kutoka kwao. Alifanya kazi hospitalini, katika kitengo cha mazoezi ya viungo. Kila siku alipita mbele ya mlango wao, na kila siku alisalimia. Safari hii hakupita. Alisimama.

"Baba, huo mkono una muda gani hivyo?"

"Mwezi wa nane huu."

"Nani amekupima?"

"Mzee Adinani."

Marcelina akaomba ruhusa, akavua viatu, akapanda barazani. Alimwambia Abasi auinue mkono mwenyewe. Uliinuka kidogo, na bega zima likapanda sikioni. Kisha yeye akauinua, polepole. Ulifika usawa wa bega, ukakwama. Akamwomba Abasi aushikilie hapo hapo. Alipouachia, mkono ulianguka.

Marcelina akaketi mkekani.

"Baba, nikueleze bega lilivyo?"

"Nieleze."

"Weka chungwa juu ya kisahani. Kichwa cha mfupa wa mkono ndicho chungwa, na kisahani ni mfupa wa bega. Ndiyo maana mkono unazunguka kila upande. Lakini chungwa likiachwa hivyo hivyo litaanguka. Kwa hiyo Mungu ameweka misuli minne kulizunguka. Mwisho wa kila msuli kuna kamba ngumu iliyoshika mfupa. Kamba hiyo inaitwa kano. Kano hizo nne ndizo zinazolituliza chungwa mahali pake mkono unapoinuka."

"Na yangu imefanya nini?"

"Juu ya kano kuna mfupa uliotandaa kama dari. Ukiinua mkono juu ya kichwa, kano hubanwa chini ya dari hiyo. Mara moja si kitu. Lakini wewe umefanya hivyo miaka ishirini na sita. Kano ilichoka na kuchubuka. Ukipita miaka arobaini, hata damu yenyewe haiifikii vizuri. Maumivu yale ya usiku yalikuwa kano inalalamika."

"Nilimeza vidonge."

"Vidonge vilituliza maumivu, havikuipumzisha kano. Kisha ukainua gunia kwa nguvu. Nadhani ndipo kano ilipokatika."

"Mzee Adinani alisema bega limeteguka," Mwanahawa akasema.

"Bega likiteguka, mama, umbo lake hubadilika. Na hata hilo halivutwi nyumbani. Linapigwa picha kwanza, kisha linarudishwa hospitalini. La baba nadhani halikuteguka. Kulivuta kuliongeza jeraha. Kulifunga wiki tisa kuliligandisha."

"Sasa mtu afanye nini siku kama ile?" Abasi akauliza.

"Aache kuinua mkono juu, na asibebe kitu kizito. Aweke kitambaa chenye barafu au maji baridi, dakika kumi na tano, mara tatu au nne kwa siku. Anaweza kutundika mkono siku mbili tatu, si miezi. Kama hawezi kuuinua kabisa baada ya kuanguka au kubeba mzigo, siku hiyo hiyo aende hospitali. Wengi huwa wamechubuka kano tu. Hao hupona kwa kupumzisha bega na kwa mazoezi ya wiki sita mpaka kumi na mbili. Wachache huchomwa sindano begani. Aliyekatika kano huenda akahitaji kushonwa, na huko kushona hakutaki kuchelewa."

Mwanahawa alimtazama binti yule kwa macho yaliyojaa machozi.

"Marcelina, ulikuwa wapi siku zote hizi?"

"Nilikuwepo hapa, mama. Nyumba ya nne."

"Sisi tulidhani unafundisha watu kukimbia."

Hakuna aliyecheka.

Jumatatu walikwenda hospitali. Walimpima Abasi sukari, kwa sababu mwenye kisukari bega lake huganda upesi. Hakuwa nacho. Kisha walipima bega kwa mashine ile ile wanayopimiwa wajawazito. Baada ya majuma mawili alionwa na daktari bingwa wa mifupa. Daktari alitazama picha, akamtazama Abasi.

"Mzee wangu, kano kubwa ya juu imekatika yote," alisema. "Imevutika nyuma, na msuli wake umesinyaa. Ningekupata wiki zile za kwanza, ningekupeleka kushonwa. Sasa nikishona, uzi hautashika."

"Kwa hiyo sitapona?"

"Maumivu yatapungua sana. Mkono utainuka, kwa sababu misuli iliyobaki inaweza kufundishwa. Utakula, utaoga, utavaa, utaswali. Utapiga randa mezani. Lakini kupiga dari, hapana. Usipande tena."

Abasi aliinamisha kichwa. Mwanahawa hakuwahi kumwona akilia, hata siku alipomzika mama yake. Siku hiyo alilia mbele ya daktari, mbele ya wagonjwa, na hakujifuta.

Jioni Lukumani alikuja. Abasi akamweleza yote. Lukumani alikaa chini mlangoni, mikono kichwani.

"Nimekuua, Abasi."

"Hukuniua. Nilikuwa na mdomo, ningesema siwezi. Na nilikuwa na miguu, ningekwenda hospitali tangu mwanzo. Lakini usiniambie tena ulikuwa utani. Mtani anayeambiwa mtu anaumwa, ananyamaza."

"Nimekusikia."

Tangu siku hiyo Mwanahawa humjibu Lukumani salamu. Zaidi ya salamu, bado.

Mazoezi yalianza. Marcelina alikuja kila jioni akitoka kazini. Kwanza Abasi aliinama, mkono mzima umeshika meza, mkono mgonjwa unaning'inia na kubembea polepole, mbele na nyuma, kisha kwa kuzunguka. Baadaye alisimama mbele ya ukuta, akatembeza vidole juu. Mwanahawa alichora alama ya mkaa pale vidole vilipoishia. Siku nyingine alama ilipanda kidogo. Siku nyingine haikupanda, na Abasi aligombana na kila mtu.

"Linauma!" alifoka.

"Kuuma kidogo wakati wa zoezi, na kutulia baadaye, ni sawa," Marcelina alisema. "Likiuma mpaka usiku, tumezidisha. Kesho tutapunguza."

Mwezi wa pili Marcelina alikata utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli. Aliufunga kwenye nguzo ya mlango. Abasi akabana kiwiko ubavuni, akauvuta utepe kwenda nje, kisha ndani. Mara kumi, akapumzika, mara kumi tena. Zoezi dogo kama la mtoto, na jasho lilimtoka.

Mwezi wa nne alilala usiku kucha bila kuamka. Mwezi wa tano alivaa kanzu mwenyewe. Mkono ulifika sikioni. Haukwenda zaidi, na hautakwenda. Alitengeneza meza ya kazi yenye urefu wa kiunoni, akaanza kuunda stuli na madirisha. Wateja wakaja, si wengi, lakini jiko lao halikuzimika. Mwanahawa alishukuru. Abasi alisema anashukuru.

Siku moja Adriano alipiga hodi. Alikuwa amesikia kwamba Abasi anauza mbao zake za jukwaa, kwa kuwa hazimfai tena.

"Karibu," Abasi akasema. "Zile pale. Zichague."

Adriano aliinama kuinua ubao. Aliushika kwa mkono wa kulia, akakunja uso, akahamishia wa kushoto. Abasi aliacha kazi yake.

"Hilo bega limeanza lini?"

"Bega lipi, kaka?"

"Usinifanye mtoto. Limeanza lini?"

Adriano akacheka kidogo. "Mwezi mmoja na siku kadhaa. Uchovu tu."

"Linauma ukilala?"

"Linauma."

"Ukiinua nyundo?"

"Ndiyo. Lakini nina vidonge, nikimeza linatulia."

Abasi aliweka randa chini. Moyoni mwake kulikuwa na jambo baya, na sitalificha. Mtu huyu alichukua kazi yake. Akinyamaza, mwakani Adriano naye atakuwa anaunda stuli. Alisimama hivyo kwa kitambo, na Mwanahawa, aliyekuwa mlangoni, alimwona.

"Vaa viatu," Abasi akasema mwishowe.

"Na mbao?"

"Sikuuzii hata kipande mpaka uonwe. Twende."

Walimkuta Marcelina kazini. Kano ya Adriano ilikuwa imechubuka, haikukatika. Akaambiwa aache kupiga dari wiki sita, na akapewa mazoezi. Akaambiwa pia abadili namna ya kufanya kazi. Jukwaa lipandishwe juu, ili dari iwe karibu na uso na mikono isinyooke sana. Ubao ushikiliwe kwa mhimili wa mti, si kwa mkono. Na kila baada ya nusu saa ashushe mikono, apumzike.

"Wiki sita bila kupanda!" Adriano alilalamika njiani. "Watoto watakula nini?"

"Utafanya kazi mezani kwangu," Abasi akasema. "Utapiga randa."

Akafanya hivyo. Wakakaa wiki sita meza moja, wakiongea machache. Wiki zilipokwisha, Adriano aliinua mkono wa kulia mpaka juu kabisa ya kichwa, ukanyooka, wala hakukunja uso. Abasi aliutazama mkono ule ulioinuka. Aliutazama kwa muda mrefu.

Asubuhi iliyofuata Adriano alikuja kuchukua mbao za jukwaa. Alikuwa amepata kazi ya dari, nyumba kubwa, Ipuli.

"Kaka, umeniponya," alisema. "Nikushukuru vipi?"

"Usinishukuru. Wewe ulikwenda baada ya mwezi mmoja, mimi nilikwenda mwezi wa nane. Tofauti yetu ni hiyo tu." Abasi akainamia meza yake. "Kwa ufundi hunizidi."

"Najua, kaka," Adriano akasema.

Akafunga mbao kwenye baiskeli, akaenda kazini.